Ngumi za Kitabuni

Aghalabu mwanafunzi wa Eldoret anayeihofia njia ya usiku hukimbilia kitabu cha karate, au cha Bruce Lee, kwa wauza vitabu vikuukuu. Hofu yake ni ya haki. Tegemeo lake lina walakini. Tao of Jeet Kune Do kilichapishwa mwaka 1975, miaka miwili baada ya Lee kufariki, kutokana na madaftari yake. Ni kumbukumbu za bingwa aliyekwisha kujua, si somo la asiyejua. Picha huonyesha teke lilipofika. Haionyeshi uzito wa mwili ulivyohama, wala haimrudishii msomaji pigo. Anayejiona ameiva kwa kusoma husimama pale ambapo angekimbia. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Je, vitabu vitupwe? La hasha. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2013 na 2014 kuhusu wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliofunzwa kujilinda zilionyesha kwamba visa vya kubakwa vilipungua, na baadhi yao walijinusuru kwa maneno tu, bila kurusha ngumi. Sauti nayo ni silaha, na hapo ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapodaiwa. Lugha yenye ngwala, kabari na mweleka haikosi istilahi. Na uandikwe mwongozo wa Kiswahili wa kujilinda. Ila uwe mkononi mwa mwalimu, usiwe badala yake.