Kifundo kimeteguka mara ya tatu: tununue nini, na binti aache mpira?

 

Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Majengo, hapa Goma. Binti yake ana miaka 15, anacheza volei shuleni na mpira wa miguu mtaani. Tangu mwaka jana kifundo cha mguu wake wa kuume kimeteguka mara tatu. Baada ya mara ya pili mama alinunua sokoni ile soksi ya kubana yenye rangi ya ngozi, akaambiwa kwamba mtoto akiivaa mguu hautateguka tena. Mara ya tatu binti aliteguka akiwa ameivaa. Sasa baba amesema mpira basi, mtoto abaki nyumbani asaidie kazi. Mama anauliza mambo mawili: ni kifaa gani kinachoshika mguu kweli, na je, baba watoto anasema sawa?

Swali hili si la nyumba moja. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, moto wake ulipita hadi katikati ya mji, na watoto wetu wanacheza juu ya mawe hayohayo. Mguu ukikanyaga jiwe vibaya, unapinduka.

Kwa nini kifundo kilekile?

Mara nyingi mguu hupinduka kwa ndani: unyayo unatazama mguu wa pili, na uzito wote unaangukia upande wa nje wa kifundo. Upande huo kuna kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zinavutika, nyingine zinachanika. Uvimbe unashuka baada ya siku chache, mtoto anaanza kutembea, na sisi tunasema amepona.

Hapo ndipo tunapokosea hesabu. Maumivu yanaondoka mapema, lakini kano zinahitaji majuma mengi kushikana tena. Na kuna kitu cha pili kinachoumia ambacho hakionekani: ule uwezo wa mguu kuhisi kwamba unaanza kupinduka na kujirudisha upesi kabla ya kuanguka. Uwezo huo haurudi kwa kukaa tu. Kwa hiyo kifundo kilichoteguka mara moja kina hatari zaidi ya kuteguka tena kuliko kile ambacho hakijawahi. Si kwamba mifupa ya mtoto ni laini, wala si kwamba kuna mtu amemroga. Ni kazi ya kupona iliyoachwa katikati.

Kwanza, hakikisha hakuna mfupa uliovunjika

Kabla ya kufikiri kununua kitu, jiulize kama mguu ulichunguzwa. Madaktari wa Ottawa, huko Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambazo hata leo zinatumika mahali pengi, na sisi tunaweza kuzifuata ili kujua ni lini tuharakishe kwenda hospitali:

Mtoto akishindwa kupiga hatua 4, hata za kuchechemea, mara baada ya kuanguka na tena mnapofika hospitali, apigwe picha ya radio. Ukibonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, wa nje au wa ndani, na mfupa wenyewe unauma, apigwe picha. Vilevile kama unauma ule mfupa wa kando ya mguu, katikati ya kidole kidogo na kisigino, au ule wa upande wa ndani wa mguu mbele ya kifundo.

Mtoto anayeendelea kukua aangaliwe zaidi, kwa sababu mahali mfupa unaporefukia ni dhaifu. Na kama majuma 6 yamepita na kifundo bado kinauma, kinavimba kila jioni, au kinakwama katikati ya hatua, msibahatishe, mrudisheni kwa daktari.

Siku za kwanza mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bila kukaza sana, uwekewe kitambaa cha maji baridi. Msikubali mtu auvute, aupindue au aukande kwa nguvu na maji ya moto. Tunajua kwamba mitaani kuna wazee wenye mikono inayosifiwa, lakini kano iliyochanika haishonwi kwa kuvutwa.

Vifaa ni vya aina nyingi, na kazi zao si moja

Hapa ndipo pesa za wamama zinapotea. Kila kitu kinachovaliwa kwenye kifundo kinauzwa kwa jina moja, lakini haviko sawa.

Soksi ya kuvutika. Ndiyo ile aliyonunua mama yetu. Inatia joto, inabana uvimbe kidogo, na mtoto anajisikia salama. Lakini kitambaa kinachovutika kwa mkono kitavutika pia kwa uzito wa mwili. Mguu ukipinduka, soksi inapinduka pamoja nao. Haikuwa mbovu, iliuzwa kwa kazi isiyo yake.

Bendeji ya kuvutika, ile ya kuzungusha. Ni nzuri siku za kwanza kwa ajili ya uvimbe. Uwanjani inalegea.

Utepe wa sparadra usiovutika. Ukifungwa na mtu anayejua, unashika vizuri, ndiyo sababu wachezaji wakubwa wanautumia. Lakini unaanza kulegea ndani ya nusu saa ya kukimbia na kutoka jasho, unatupwa baada ya mechi moja, na unaweza kuchubua ngozi. Ukihesabu mechi za mwaka mzima, gharama yake ni kubwa.

Kifaa cha kamba. Kinafanana na kiatu kidogo cha kitambaa kigumu kisichovutika. Kina kamba mbele, na mara nyingi mikanda miwili inayopishana chini ya unyayo na kurudi juu. Kinaingia ndani ya viatu vingi, mtoto anaweza kukikaza tena wakati wa mapumziko, na kinatumika miezi mingi. Kwa binti anayecheza volei na mpira pia, sisi tungeanza hapa.

Kifaa chenye vibao viwili vya plastiki, kimoja kila upande. Kinazuia kupinduka kwa nguvu zaidi, huku mguu ukiendelea kwenda juu na chini. Kinafaa volei na basketi. Katika kiatu chembamba cha mpira wa miguu mara nyingi hakiingii.

Je, vifaa hivi vinasaidia kweli? Ndiyo. Huko Wisconsin, Marekani, wachezaji wa basketi 1,460 wa shule za sekondari walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2011: waliovaa kifaa cha kamba waliumia kifundo kama mara tatu pungufu kuliko wasiovaa. Na kwa wale waliokwisha kuteguka, Waholanzi walitoa mwaka 2014 matokeo ya wanamichezo 384. Kati ya waliovaa kifaa katika kila mchezo kwa mwaka mmoja, 15 kwa 100 waliteguka tena. Kati ya waliofanya mazoezi peke yake kwa majuma 8, ni 27 kwa 100. Kwa hiyo kifaa kinapunguza hatari, hakiiondoi. Muuzaji akikuambia «hatateguka tena kabisa», jua kwamba anauza maneno.

Namna ya kuchagua dukani

Usimtume mtu akununulie. Nenda na mtoto mwenyewe, na kiatu anachochezea, na soksi anayoivaa. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua utepe wa mshonaji, uzungushe mguu juu kidogo ya mifupa ya kifundo, uandike kipimo. Vifaa vingine hupimwa hivyo, vingine kwa namba ya kiatu. Angalia pia kama ni cha mguu wa kuume au wa kushoto.

Avae juu ya soksi, akae, aufanye mguu kuwa mlegevu. Shika unyayo wake na ujaribu polepole kuupindua kwa ndani. Ukipinduka kama vile hakuna kitu, kiache. Ukikataa, endelea: mwambie aunyanyue mguu juu na aushushe chini. Hapo uende bila shida, maana bila hivyo hawezi kuruka wala kukimbia. Kikatae cha kwanza kisichozuia, na kikatae pia kinachozuia kila kitu.

Kisha avae kiatu, atembee, asimame kwa vidole, aruke mara kumi. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au vikiwa baridi, kimebana mno. Kikikata nyuma ya kisigino, atakivua siku ya pili na hamtakiona tena mguuni.

Kama ni cha mtumba, vuta mikanda yote kwa nguvu na ufungue na kufunga sehemu za kunata mara nyingi. Zikichoka kunata, kifaa kimekufa.

Na msidhani kwamba kiatu kirefu kinachofunika kifundo kinachukua nafasi ya kifaa. Kiatu kizuri ni kile ambacho unyayo wake haujaliwa upande mmoja na hakichezi mguuni.

Kifaa kivaliwe kwenye mazoezi na mechi, si kitandani, wala si mchana kutwa darasani. Wengi wanaogopa kwamba kitaufanya mguu kuwa mvivu. Kuvaa wakati wa mchezo hakujaonekana kuleta udhaifu huo. Kila juma kifuliwe kwa mkono, kianikwe kivulini, maana jasho likikaa ndani linaleta vidonda.

Dawa isiyonunuliwa

Ule uwezo wa mguu kujirudisha tuliousema, kifaa hakiurudishi. Unarudishwa kwa mazoezi, na hayadai hata franka moja. Waholanzi haohao walionyesha mwaka 2009, kwa watu 522, kwamba waliofanya mazoezi ya kusimama vizuri nyumbani, mara 3 kwa juma kwa majuma 8, waliteguka tena 22 kwa 100, na wasiofanya 33 kwa 100.

Mtoto aanze pale anapoweza kukanyaga bila maumivu. Asimame kwa mguu mmoja sekunde 30 anaposugua meno, karibu na ukuta ili asianguke. Akizoea, afumbe macho. Akizoea hilo, asimame juu ya blanketi lililokunjwa. Baadaye asimame kwa mguu mmoja huku mdogo wake akimrushia mpira. Aongeze kujiinua kwa vidole na kushuka polepole, mara 15. Mwisho aruke na kutua kwa mguu mmoja bila kutikisika. Kama kuna kine hospitalini kwenu, amwonyeshe mara moja. Mengine ni ya nyumbani.

Asirudi kwenye mechi kabla hajaweza kutembea upesi bila kuchechemea, kukimbia kwa kukata kona, na kuruka kwa mguu ulioumia mara 10 sawasawa na ule mwingine. Kocha akisema «tunamhitaji Jumapili», mama ndiye anayesema bado.

Sasa, aache mpira?

Mama yetu, mwambie baba watoto kwa heshima: hofu yake ni ya haki, kwa sababu mara tatu ni nyingi. Lakini kumkalisha nyumbani hakuponyi kifundo. Atateguka siku moja akishuka na bidoni ya maji, kwa sababu mguu ule haujafundishwa tena. Apumzike mpira majuma kadhaa, hilo ni kweli. Afanye mazoezi, achunguzwe, arudi na kifaa kinachoshika. Akiteguka tena baada ya hayo yote, daktari aangalie kama kano zimelegea kabisa.

Na tuulizane sisi wenyewe: mtoto mwanamume akiteguka, tunamtafutia dawa, binti akiteguka, tunamrudisha jikoni. Novemba 2024 wasichana wa TP Mazembe walileta Congo kombe la vilabu vya wanawake vya Afrika. Wale nao walikuwa na wazazi waliowaacha wacheze. Binti yako si lazima afike huko. Inatosha acheze na wenzake, aoge, asome, alale vizuri.

Jambo la mwisho kwa chama chetu. Watoto wanakua, na kifaa cha mwaka jana kinabaki kwenye sanduku. Kama unacho nyumbani na bado ni kizima, kifue, ulete siku ya likelemba, wengine wapimishe watoto wao. Wenye mabinti katika ekipe moja mnaweza pia kuchanga na kununua vipimo viwili au vitatu, vikatumika kwa anayeumia. Mama wa Majengo, tunangoja kusikia binti anasimama sekunde ngapi akiwa amefumba macho.

Mbaki salama, na tuonane juma lijalo.