Bidoni ibaki na rangi, mtoto afanywe kijivu?

GOMA – Picha za namna hii zimekuwa nyingi tangu kila telefone iwe na programu ya kutengeneza picha. Ni foleni ya maji ndani ya kambi ya wakimbizi wa ndani: shitingi za kijivu, akina mama wa kijivu, watoto wa kijivu. Katikati, bidoni moja ya lita 20, njano kabisa, inawaka kama taa. Chini yake, maneno machache ya kuomba msaada. Walio mbali wanasema ni picha nzuri. Kwa familia zilizopanga foleni ile, ni picha iliyowanyang'anya kitu.

Kazi yenyewe si ngumu. Picha inapigwa na rangi zake zote, kisha mtengenezaji anaiambia programu ibakize njano, nyingine izizime. Lakini programu haijui bidoni wala mtoto. Inajua njano tu. Kama pembeni amesimama msichana mwenye nguo ya njano, nguo yake nayo itabaki inang'aa. Hapo mtengenezaji anaifuta kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka msichana awe kijivu kama wengine. Hilo mashine haikulifanya. Kuna mtu ameangalia bidoni, akaangalia mtoto, akachagua bidoni. Wengine wanabakiza nembo ya shirika iliyo juu ya shitingi, na hiyo ni mbaya zaidi.

Wanaotetea ufundi huu wanasema rangi moja inaongoza jicho, na mara nyingi wanataja filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, Schindler's List, juu ya mauaji ya Wayahudi. Karibu filamu yote haina rangi, isipokuwa koti jekundu la msichana mdogo. Ni kweli. Ila pale rangi alipewa mtoto. Jicho linamfuata yeye kati ya umati, na baadaye koti lile linaonekana tena juu ya mkokoteni wa maiti. Hakuna aliyebakiziwa ndoo.

Kwenye arusi hakuna ubaya. Bibi arusi akitaka maua yake yabaki mekundu na mengine yote yawe meusi na meupe, ni picha yake, amelipa, amechagua. Mama wa kambini nani alimuuliza?

Na kwa watu waliokimbia, rangi si pambo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbilia Sake na Rwanda wakipotezana njiani. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Anayesikiliza redio anajua tangazo la mtoto aliyepotea linavyosomwa: jina, umri, mtaa, halafu nguo. Shati jekundu, kaptula ya buluu, kambambili za kijani. Mama asiyejua kusoma anatambua kikwembe chake kutoka mbali, hata kama kimefungwa na mtu mwingine. Sasa nyekundu na kijani zenye mwanga sawa, zikizimwa, zinatoa kijivu kile kile. Mzazi ataangalia picha hiyo mara kumi bila kuona shati analolitafuta.

Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala ziliachwa tupu mwanzoni mwa mwaka 2025. Familia zilitawanyika tena, zingine zikirudi kwenye nyumba zilizobomolewa, zingine zikienda kwa jamaa. Kwa wengi, picha zilizopigwa pale ndizo alama pekee kwamba fulani alikuwa hai siku ile, amevaa hivi, amesimama karibu na fulani.

Kwa hiyo wapiga picha wa hapa Goma, na mashirika yanayowalipa, waache mchezo huu juu ya picha za watu waliohama. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe yote, angalau bidoni na mtoto wanapoteza sawasawa. Lakini ile ya kwanza, yenye rangi zote, isifutwe kwenye telefone. Iwekwe pamoja na tarehe na jina la kambi, na mzazi akija kuuliza, aonyeshwe hiyo.