Kiangazi na Kiu ya Ruaha

Walimu wa Dodoma huuliza: ni majira gani yafaayo kuwapeleka wanafunzi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha? Jibu la kawaida ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Nyanda za kati hupata msimu mmoja tu wa mvua, yapata Desemba hadi Aprili. Mvua ikikoma, madimbwi hukauka, majani hupukutika, na tembo hukusanyika mtoni. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwani wepesi wa kuwaona wanyama ni dalili ya kiu yao. Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikauka wakati wa kiangazi, na hali hiyo imejirudia mara nyingi. Sababu kubwa ni maji yachepushwayo Usangu kumwagilia mpunga. Basi mwanafunzi asihesabu tembo tu. Na aulize pia maji yamekwenda wapi.