Hina ya Mtoto Mchanga

Majuzi nilikuwa Eldoret, mji ambao watu wa zamani waliuita Sisibo, nilikoalikwa akika ya mjukuu wa rafiki yangu mmoja mtu wa Mvita. Bibi mmoja alikuwa amekwisha vuruga hina kibakulini, ampake mtoto viganja na nyayo. Nyanya wa mtoto, mzaa mama, akamzuia: "Basi, dada. Mjomba wake huyu aligeuka manjano hadi machoni kwa hina." Mabibi wakanuna. Mmoja akasema huo ni uzungu wa kukaa bara.

Mimi nasema nyanya yuko katika haki. Akika ni sunna; hina ya mtoto ni ada yetu tu, wala chuoni sikuisoma.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni mnyororo wa viungo 515, na hakifanyi kazi ila minyororo miwili au minne ikumbatiane. Huitumia sukari kuipa chembe kinga dhidi ya sumu za oksijeni. Sehemu nyingine za mwili zina njia nyingine. Chembe nyekundu haina ila hiyo. Kwa Waafrika wengi wenye upungufu, viungo viwili tu vimebadilika, na kimeng'enya huchakaa upesi.

Mtu huyo huishi salama, mpaka anywe primakwini (ndiyo dawa iliyowafumbua macho madaktari wa Marekani mwaka 1956), au avishwe nguo zilizowekwa naftalini, au apakwe hina, ambayo rangi yake hupenya ngozi changa. Hapo chembe hupasuka, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Manjano ikimzidi mtoto mchanga, huharibu ubongo. Kwa ndugu zetu wa Oman, ambako karibu robo ya wanaume wana upungufu huu, hata sahani ya ful humlaza mtu hospitali.

Umeenea palipozoea malaria, kwani wataalamu huona kuwa humkinga mtu kiasi. Eldoret iko juu mita 2,100 hivi, na mbu si wengi. Lakini damu ya Mvita haigeuki kwa kupanda basi. Daktari wa huko na aambiwe mtoto ni wa wapi, na kipimo kiombwe.

Jambo moja linaniudhi. Kwa kuwa mwana wa kiume huupata kwa mamake, wako waume wanaowalaumu wake zao. Kwani mama aliununua sokoni? Naye alirithi kwa wazaziwe.

Sisemi hina iachwe. Nimeitungia beti nyingi, na biharusi asiye na hina simjui. Lakini mchanga asipakwe, na mwenye upungufu asipakwe hata akikua.

Hina ile ya Eldoret haikumwagwa. Nyanya aliivuta bakuli, akajipaka mwenyewe, na mtoto kalala ubavuni pake.