Benki zikifunguliwa, mjane atapata haki yake?

Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Benki za miji hiyo miwili zikafunga milango. Mwezi wa nne wenye kutawala Goma walifungua Cadeco, lakini hilo halikumrudishia mtu pesa alizokuwa ameweka katika benki nyingine.

Wapendwa, tumezoea kuzungumzia jambo hili kama shida ya leo: mshahara wa mwalimu unaoingia kwenye akaunti asiyoweza kuifikia, kamisio ya wakala wa simu, safari ndefu ya kwenda kutafuta benki iliyo wazi. Ni kweli, na inaumiza. Lakini kuna shida ya pili inayokuja polepole. Siku milango itakapofunguliwa, nani atajua pesa zipi ni za nani?

Pesa zilizofungiwa bado zina mwenyewe. Pesa zilizosahauliwa hazina mtu wa kuziulizia, na hizo ndizo hupotea kabisa.

Nchi yetu ina historia ya namna hiyo. Tarehe 25 mwezi wa 12, 1979, siku ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wazee wengi wa vijijini, mbali na benki, walibaki na noti ambazo hazikununua hata chumvi. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani mwao. Ni mlango uliofungwa kabla hawajaufikia.

Leo njia za kupoteza ni tatu.

Ya kwanza ni kifo. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake kwa njia ya benki, basi hata mwalimu au muuguzi wa kijijini anaweza kuwa na akaunti. Akifa, mara nyingi mke hajui hata jina la benki. Na akijua, ataombwa karatasi ya kifo, karatasi ya baraza la familia, na karatasi ya tribinali inayoonyesha warithi. Ndoa isiyoandikwa kwenye leta-sivili inamweka mjane katika hatari: wakwe wanaweza kusema hakuwa mke.

Ya pili ni karatasi zenyewe. Waliokimbia kambi na vijiji waliacha vitabu vya akiba, mikataba, barua za kazi na sheki ambazo hazijalipwa. Zaidi ya hayo, mkoa una mamlaka mbili. Karatasi iliyosainiwa upande mmoja inaweza kukataliwa upande mwingine.

Ya tatu ni simu. Nimero ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuifunga. Pesa zilizomo hazionekani na mtu yeyote nyumbani, maana kodi ya siri ilikuwa kichwani mwa marehemu.

Tukumbuke nabii Yeremia, sura ya 32. Yerusalemu ilikuwa imezungukwa na jeshi, naye akanunua shamba. Hakutosheka na kutoa fedha. Aliandika hati, akaita mashahidi, akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hapo imani na karatasi zilitembea pamoja. Mtu anayeamini kwamba amani itarudi anatunza ushahidi kwa ajili ya siku hiyo.

Basi familia ifanye nini sasa? Mume na mke waandike pamoja, kwenye karatasi moja: jina la benki au koperative, nimero ya akaunti, nimero za simu zenye pesa, nimero ya CNSS kama mmoja alifanya kazi kwa mwajiri aliyelipa michango. Mjane na watoto wa mfanyakazi huyo wanaweza kuwa na haki ya pansiyo. Wapige picha karatasi zote, nakala moja wampe ndugu wa kuaminika aliye mji mwingine. Kodi ya siri isiandikwe humo. Na yeyote anayekuja akisema atatoa pesa zenu Kinshasa kwa kamisio, akiomba kodi hiyo au malipo ya mbele, mfukuzeni.

Na kanisa? Parokia zetu zina vitabu vya ndoa, ubatizo na maziko. Vitabu hivyo havichukui nafasi ya leta-sivili, lakini mbele ya hakimu vinaweza kusaidia ushuhuda kwamba fulani alikuwa mke wa fulani, na watoto hawa ni wao. Wachungaji, tuviandike vizuri, tarehe na majina kamili, tuvitunze mahali ambapo moto na mvua havitafika. Lakini tubaki mashahidi. Mchungaji asipokee pesa za marehemu wala asiwe mgawanyaji wa urithi. Pale ndipo heshima ya kanisa imeharibika mara nyingi.

Hatuna ufunguo wa benki za Goma na Bukavu. Hilo wataamua wenye kuongea mezani. Lililo mikononi mwetu ni kwamba siku watakapofungua, mjane wa parokia yetu asisimame kwenye gishe mikono mitupu.