Mkonge ni wetu, baiskeli ni zetu. Mfuko wa mama uko wapi?

Simama asubuhi kando ya barabara ya Voi kwenda Mwatate uhesabu baiskeli. Zitapita nyingi, lakini wanawake wanaoziendesha ni wachache. Watu husema ni haya, ni mila, ni milima. Mimi naishi Voi na naendesha baiskeli, na iko sababu moja kubwa isiyotajwa: mzigo. Mwanamke hatoki nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyefikiria mzigo wake utakaa wapi.

Pochi ya begani huteleza mbele ikagonga magoti. Kikapu ukikitundika kwenye usukani huvuta baiskeli upande, na mshikio wake ukiingia kwenye njiti za gurudumu, mtu yuko chini. Begi la mgongoni, kwa jua letu hili, hulowesha blauzi kabla hujafika kazini. Nyanya zikifungwa kwenye keria kwa mpira hufika rojo. Leso na buibui nazo hunaswa na mnyororo. Basi mama humwachia kijana wake baiskeli, yeye akapanda bodaboda.

Hapo jambo hili si la urembo tena, ni la pesa. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwakabidhi vifaa vya kazi, vikiwemo vya kupima presha, sukari na joto la mwili. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tupige hesabu. Mhudumu akilipa bodaboda shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 20, ni shilingi 4,000. Abaki na 1,000 ya kulisha watoto! Baiskeli ingemwokoa, lakini nani atafunga kipima presha kwa mpira juu ya keria, kwenye njia ya mawe na vumbi?

Mganga hajigangi. Mwatate kuna shamba la mkonge linalojulikana nchi nzima, na Voi pia kuna mkonge. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa zao hili, na sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa nyuzi tu. Akina mama wa Kasigau husokota nyuzi hizo na kusuka vikapu vya rangi ambavyo Hadithi Crafts huvitafutia wanunuzi mpaka ng'ambo. Sina ugomvi na biashara hiyo, kwani huwaletea akina mama mapato. Ninachouliza ni kwa nini ufundi huo umpendezeshee mgeni sebule, na mwanamke wa hapa abebe mzigo wake kwa taabu.

Mfuko ninaousema si wa maajabu. Mgongo wake uwe bapa na mgumu, ukae kando ya gurudumu la nyuma bila kugusa njiti. Uwe na ndoano mbili za kushika keria na mkanda chini, usiruke penye mashimo. Usogezwe nyuma kidogo, kisigino kisiugonge mtu anapokanyaga pedeli. Kitako kishonwe kwa mpira wa tyubu kuukuu, maji yasipenye, na kifuniko kizuie vumbi letu jekundu. Nyuma uwe na utepe unaong'aa ukimulikwa na taa za gari. Ukifika, waung'oa, wautia mkanda wa begani, waingia nao ofisini au arusini na mtu akuulize umeununua wapi. Kwa leso na buibui, wavu wa kamba ya mkonge pande mbili za gurudumu watosha. Wazungu walifunga nyavu kama hizo kwenye baiskeli za wanawake tangu karne ya 19, enzi za sketi ndefu.

Wako watakaosema bei itakuwa juu, maana kusuka kwa mkono huchukua siku nyingi. Ni kweli. Kwa hiyo isukwe sehemu ya mbele tu, inayoonekana, na kwengine kote ishonwe turubai kwa cherehani. Wengine watasema Wundanyi ni mlima. Ni kweli pia, na mama wa Wundanyi simlazimishi. Lakini Voi, Maungu na Taveta kuna tambarare ya kutosha.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti biashara, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za kaunti. Tangu 2013 kuna pia utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti ya Taita Taveta haihitaji sheria mpya. Iagize mifuko 50 kutoka kwa vikundi vya wasusi na mafundi cherehani wetu, iwape wahudumu wa afya wanaoendesha baiskeli, waitumie msimu mmoja wa mvua. Kisha waulizwe wao, si wakubwa wa ofisini, kipi kimekatika na kipi kimefaa. Wakisharekebisha, ndipo iagizwe mingine, na ianze kuuzwa sokoni Voi kabla haijapelekwa ng'ambo.