Shimo nayo ni kazi, tusione haya kuisema

Kijana mmoja wa hapa kwetu Mabanga alienda kwenye mahojiano ya kazi. Walikuwa wanatafuta watu wenye kujua kusimamisha mbao ndani ya mashimo, udongo usianguke. Wakamuuliza: «Hii miaka sita yote ulikuwa unafanya nini?» Akajibu: «Nilikuwa tu, sikuwa na kazi.» Miaka ile sita alikuwa Masisi, analala chini ya hema, anaweka mbao kila asubuhi mbele wenzake washuke. Hakuna mtu aliyekufa ndani ya shimo lake. Lakini juu hakukuwa kontra wala karatasi ya mshahara, yeye mwenyewe aliamini kama ile haikuwa kazi. Nafasi wakampa mwingine.

Sisi wa sendika tulipomsikia, tuliumia, ila hatukumkasirikia. Ni sisi wazazi tuliomfundisha vile. Kila siku nyumbani tunasema: «Mtoto wangu asome, asikuwe mchimbaji kama mimi.» Tunafikiri tunamtia moyo, kumbe tunamfundisha kuona mikono yetu kama aibu. Na hapa tunaishi katika kartie yenye jina la mawe! Kwa Lingala, mabanga ni mawe, na Congo nzima mtu anayetafuta maisha wanasema anapiga libanga. Basi kwa nini siye tunaolipiga kweli njo tunanyamaza?

Neno letu leo ni moja: mwenye kutoka shimoni ana kazi ya kuelezea, na anapaswa kujifunza namna ya kuielezea.

Nyakati zimebadilika. Kule Bisie, katika Walikale, wenzetu walichimba kasiterite kwa mikono miaka mingi. Toka 2019 ni kampuni ya mashine, Alphamin, inayotoa bati pale. Zamani mwenye shimo alikuangalia mabega, akauliza kwenu ni wapi, kesho yake ukashuka. Kampuni yenyewe inaomba barua, inaomba sivi, inakuita kwenye meza. Na hapa Goma, tangu Januari 2025 banki nyingi zilifunga milango, mashirika nayo yakapunguza watu. Kwa nafasi moja ya mlinzi unakuta wenye diploma ya Serikali, hata wenye lisansi, wamepanga mstari pamoja na siye. Kwenda pale bila kujitayarisha ni sawa na kushuka shimoni bila tochi.

Basi tufanye nini? Mbele ya siku ile, kaa chini, chukua daftari, andika mambo matatu uliyoyafanya wewe mwenyewe. La kwanza ni siku ya hatari: maji yaliingia, ulifanya nini? La pili ni siku ya ugomvi: watu walikosana juu ya kugawa mifuko, nani aliwapatanisha na kwa njia gani? La tatu ni hesabu: nani alipima, nani aliandika, nani alilinda feza ya kundi? Kapita aliyeangalia watu kumi na wawili ameongoza timu. Mama aliyetwanga na kuosha mawe, akashika madeni ya watu bila kukosea hata moja, anaweza kushika depo. Hayo siyo mambo ya kutunga. Ni maisha yetu, tuyape jina lake.

Tena kuna kosa moja letu siye wachimbaji. Tumezoea kusema «tulifanya», juu shimoni hakuna anayefanya kitu peke yake. Ni tabia nzuri, na njo lugha ya sendika. Lakini mbele ya meza ile wanataka kukujua wewe. Sema: «Mimi niliona mbao imepasuka, mimi nikaamuru watu watoke.» Kusema ukweli juu yako siyo kiburi.

Kifaransa kinatuogopesha wengi. Tuseme wazi: wengi wetu tuliishia sekondari, na miaka ya shimoni imekula hata kile kidogo. Usikimbie. Tayarisha sentensi kumi, uzitamke kwa sauti mbele ya mtu, siyo moyoni tu. Usipoelewa swali, omba kwa heshima walirudilie. Kikikukatikia, omba kumalizia kwa Kiswahili. Na watoto wetu walio masomoni wapo: jioni, mwambie binti yako akae kwenye kiti kama shefu, akuulize. Utasikia haya, ndiyo. Lakini ni heri kutetemeka mbele ya mtoto wako kuliko mbele ya mgeni.

Usiongope. Atestasyo ya kununua inaweza kukupitisha mlangoni, lakini siku watakapokupa mashine mkononi, wewe na wenzako njo mtaumia.

Wakimaliza kuuliza, mara nyingi wanasema: «Na wewe, una swali?» Wengi wetu tunajibu hapana, tunatoka haraka kama mwizi. Pale njo pa kusimama. Uliza kama kontra itaandikwa. Uliza muda wa majaribio: Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema hauwezi kupita mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi sita kwa wengine. Uliza kama watakuandikisha CNSS. Uliza kofia na viatu vya kazi nani anatoa. Wakikuuliza mshahara, usiseme «chochote mtakachonipa». Mbele ya kwenda, tafuta wanaofanya kazi kama ile, ujue wanalipwa ngapi. Mtu anayeuliza vizuri anaonyesha kama amekuja kufanya kazi, hakuja kuomba sadaka.

Tunajua jibu la wazee wengi: «Haya yote ni bure, kazi ni ya mwenye kuwa na mtu ndani.» Hatutawabishia kwa yote. Tumeona mahojiano yaliyokuwa mchezo, jina la mpwa wa shefu limeshaandikwa. Tumeona familia iliuza mbuzi ili mtu «apeleke dosie», mbuzi ikaenda na kazi haikuja. Tumesikia mabinti walioombwa mwili wao mbele ya kupewa kazi. Hayo ni maovu, na wenye kuajiri wanapaswa kusikia aibu, siyo binti. Usilipe. Usiende kwa mahojiano ya usiku wala ya hoteli. Njoo uambie sendika, tutakuja wengi.

Lakini tukibaki nyumbani juu milango mingine imefungwa kwa rushwa, tunawasaidia waliyoifunga. Mtu aliyejitayarisha, wakimkatalia bila sababu, anaweza kuuliza kwa sauti: amenishinda kwa nini? Asiyejitayarisha hana hata swali hilo. Na nyinyi wenye kuajiri, mkiona mtu ameandika «mchimbaji» kwenye sivi yake, msiruke ule mstari. Mwulizeni aliyofanya chini ya ardhi. Pengine ni yeye atawalindia watu wenu.

Kwa upande wetu, Jumamosi mchana tumeanza kukaa katika parseli ya mwenzetu mmoja. Benchi mbili, meza moja, tunaulizana kwa zamu. Kijana yule naye anakuja. Juzi mama mmoja alimuuliza: «Miaka sita ulikuwa unafanya nini?» Akavuta pumzi, akaanza kueleza mbao: ipi ni ngumu, ipi inaoza upesi, ipi inalia mbele ya kuvunjika ili watu wapate kukimbia. Alisema karibu robo saa, hakuna aliyemkatiza.

Kazi bado hajapata. Wiki ijayo ameitwa mahali pengine.